Saizi ya tairi la Vitz imeandikwa mlangoni

Ada imelipwa, sare zimenunuliwa, na Januari bado haijaisha. Ndipo fundi anapoinama kwenye Vitz ya familia na kutangaza kuwa matairi mawili yamebaki kipara, hayafiki Pasaka. Dukani swali ni moja tu: "Saizi gani?" Baba anatoka nje, anasoma namba iliyo kwenye tairi kuukuu, anarudi na jibu.

Jibu hilo linaweza kuwa la uongo. Gari dogo la kutoka Japani huwa limepita mikono mingi kabla ya kufika kwa familia, na kila mmoja aliyelishika aliweka tairi alilolipata kwa bei aliyoiweza. Saizi ya kweli iko kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva, inaonekana mlango ukifunguliwa. Maelezo yake ni ya Kijapani, lakini namba hazina lugha. Hapohapo kuna kiasi cha upepo, kwa mfano 230 kPa. Mashine nyingi za kujazia upepo husoma PSI, hivyo 230 hugawanywa kwa 7, inakuja kama 33.

Tuchukue gari ambalo mlango wake umeandikwa 165/70R14. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hiyo 70 ya katikati ndiyo inayowachanganya watu: ni asilimia. Ina maana ukuta wa tairi, kutoka rimu hadi kwenye kashata, una kimo cha asilimia 70 ya huo upana wa 165, yaani milimita 115 na nusu. Kuta ni mbili, juu na chini, kwa hiyo 231. Rimu ya inchi 14 ni milimita 356. Jumla, tairi zima lina kimo cha milimita 587 hivi.

Hesabu hii inafanyika kwenye simu kabla muuza tairi hajamaliza kusifia bidhaa yake. Akisema 165/70 zimekwisha, chukua 175/65R14, mzazi anapiga: 583. Tofauti haifiki asilimia moja. Muuzaji huyo amesema kweli, na kama rimu ni ileile ya 14, familia inaweza kununua bila wasiwasi. Kipimo kinachotumiwa na mafundi wengi ni kwamba kimo cha tairi jipya kisipishane na cha zamani kwa zaidi ya asilimia 3.

Ushauri wa aina nyingine ndio wa kuogopa. "Matuta ya huko kwenu yanagusa chini, tuinue gari. Weka rimu ya 15 na 185/65." Kimo cha tairi hilo ni milimita 622, karibu asilimia 6 zaidi. Na gari litainuka kiasi gani? Nusu ya tofauti, kwa kuwa nusu nyingine iko juu ya ekseli: milimita 17. Hazifiki sentimita mbili! Kwa hizo, mzazi analipia rimu nne na matairi manne, na mambo kadhaa yanaharibika.

La kwanza ni mshale wa spidi. Kama ulikuwa unasema kweli, sasa ukionyesha 50 gari linakwenda 53, na ukionyesha 80 gari linakaribia 85. Tochi ya trafiki haisomi dashibodi. Gari pia linakuwa zito kuondoka, na breki zilezile zinasimamisha gurudumu kubwa zaidi.

La pili halionekani dukani. Gari likiwa tupu kwa fundi, tairi linazunguka vizuri. Siku ya safari, watoto watatu wamekaa nyuma na buti limejaa, gari linashuka, na kwenye kila shimo tairi linafika kwenye madigadi na kukwaruzwa. Kwa hiyo yeyote anayebadili saizi, hata kwa tofauti ndogo, ajaze watu ndani kwanza, akate usukani hadi mwisho pande zote mbili, kwenda mbele na kurudi nyuma, huku mtu mmoja akisikiliza nje.

Kuna na kishawishi cha kushuka chini. Tairi la 155/65R14 hupatikana rahisi, na linaingia kwenye rimu ya 14. Lakini baada ya saizi, tairi huwa na namba nyingine ndogo, na wengi huiruka. Ikiwa ni 81, tairi moja linabeba hadi kilo 462. Ikiwa ni 75, ni kilo 387. Kwa matairi manne, familia imepoteza uwezo wa kilo 300, na tairi linalozidiwa mzigo kwenye lami ya saa saba mchana hupata joto hadi kupasuka. Namba hii inaweza kupanda kuliko ya mwanzo, isishuke.

Kwa wanaonunua mtumba, kashata nene zisiwadanganye. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukiwa umelala stoo. Watengenezaji kadhaa huweka miaka 10 kuwa mwisho kabisa, na tairi lililokaa juani halistahili kusubiriwa muda huo wote.

Fedha ikitosha matairi mawili tu, yawe pacha kwenye ekseli moja. Hapa ubishi na fundi hauepukiki. Yeye atataka mapya yakae mbele, kwa sababu Vitz huvutwa na magurudumu ya mbele. Watengenezaji wa matairi hushauri yakae nyuma. Tairi la mbele likiteleza kwenye maji, gari linakataa kukata kona, na dereva akipunguza mwendo mara nyingi linatii. La nyuma likiteleza, mkia unageuka kuwa mbele, na dereva wa kawaida hana ujuzi wa kuurudisha.

Na lile jembamba lililo chini ya buti, ambalo namba yake inaanza na T, halihesabiwi kuwa tairi la tano. Ni la kuifikisha familia kwa fundi, mwendo usiozidi 80, na hujazwa upepo mwingi kuliko mengine, mara nyingi 420 kPa, yaani PSI 60. Magari mengi yanalibeba likiwa limelegea tangu siku yalipoteremshwa bandarini. Kulipima kunachukua dakika mbili pale kwenye mashine ya upepo, buti likiwa bado halijapakiwa mizigo ya safari.