Vyeti Vitatu, Begi Moja

Vijana wenzetu wabunifu, tunapenda sana kusema "kazi yangu", "staili yangu". Sawa, lakini tuangalie bendera ya wakimbizi iliyobuniwa mwaka 2016 kwa ajili ya timu ya wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio. Aliyeibuni ni Yara Said, msanii kijana kutoka Syria aliyekimbilia Uholanzi. Rangi ya chungwa na mstari mweusi, kama jaketi la kuokolea maisha baharini. Lakini wimbo wa kwenda na bendera hiyo aliutunga mwingine, mwanamuziki Moutaz Arian, naye mkimbizi wa Syria. Kila mmoja alileta fani yake.

Sasa tuje huku kwetu kambini. Wa cherehani ana darasa lake, wa grafiki lake, wa biashara lake. Mwisho wa siku wote wana vyeti, na wote wamekaa tu nyumbani. Anayechora begi hajui kitambaa kinakatwaje, anayeshona hajui kupanga bei, na anayejua bei hana cha kuuza.

Ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kugawa vyeti, wakalisheni hawa watatu meza moja watengeneze begi la shule ambalo mzazi wa hapa kambini atalinunua kweli. Na sisi vijana, tusijifiche kwa kuogopa kuibiwa wazo. Tuandikiane mapema nani anafanya nini na nani anapata ngapi. Kidole kimoja hakivunji chawa.