Kapo Iliyogongana Angani na Kuacha Wanasayansi Wakikuna Kichwa

Stori za kapo za masupastaa unazijua zote. Sasa skia hii ya nyota za ukweli.

Tarehe 23 Novemba 2023, mitambo ya LIGO huko Marekani ilinasa mtikisiko mfupi kuliko kupepesa jicho. Mashimo meusi mawili yalikuwa yamegongana na kuwa moja. Kwa makadirio, moja lilikuwa zito kama Jua 137, lingine 103. Ni kapo nzito kushinda zote zilizowahi kunaswa hivyo.

Mbona watu wachizi? Iko hivi. Nyota kubwa nyingi huwa haziishi solo, huzaliwa mbili mbili. Ile kubwa humaliza mafuta yake mapema na kuvimba, na mwenzake anaweza kuanza kuinyonya gesi. Mwishowe zote zinaweza kuporomoka na kuwa mashimo meusi. Yanazungukana miaka mamilioni, hata mabilioni, yakisongeana polepole mpaka yagongane. Huo mtikisiko ndio mawimbi ya mvutano, na LIGO iliyanasa mara ya kwanza 2015.

Sasa ngori ni hii: hesabu zinasema nyota ikipita uzito fulani, inalipuka yote na haiachi hata kashimo. Kwa hivyo mashimo ya kati ya Jua 60 na 130 hivi hayafai kuwepo. Hilo la 103 limekaa hapo kati, bila aibu.

Jibu linaloongoza kwa sasa ni kwamba hizi si nyota zilizokua pamoja. Huenda kila shimo lilitokana na mashimo madogo yaliyoungana zamani, kwa mtaa uliojaa nyota. Dalili ni kwamba yote mawili yalikuwa yakijizungusha kwa kasi ya kutisha, na shimo likizaliwa na mgongano hutoka likizunguka hivyo. Kama si hivyo, basi hesabu zetu za vile nyota hufa ziko na shida. Na usidhani hayakuhusu, oksijeni unayovuta saa hii ilipikwa ndani ya nyota kubwa.

Halafu usiseme ni mambo ya majuu pekee. Setilaiti iliyosaidia kufichua Cygnus X-1, kapo ya nyota kubwa na shimo jeusi, ilirushwa 12 Desemba 1970 kutoka baharini hapo karibu na Malindi. Iliitwaje? Uhuru. Sherehe ya Jamhuri ikiendelea, sisi tulikuwa tayari kwa hii stori.