Mama Mjamzito, Matone ya Macho Nayo ni Dawa



Mama mjamzito akifika kliniki tunamwuliza, "Je, unatumia dawa yo yote?" Wengi hujibu, "Hapana." Kumbe nyumbani mwingine ana chupa ya matone ya macho. Haihesabu kuwa ni dawa, kwa sababu hainywi. Jibu hilo laweza kumponza yeye na mtoto.

Nasema juu ya matone ya presha ya macho. Waganga huuita ugonjwa huu glakoma. Ndani ya jicho mna maji. Maji mapya huingia na ya zamani hutoka. Yasipotoka vizuri, hujaa na kulikaza jicho. Mshipa wa fahamu wa kuonea huumia polepole, mara nyingi bila maumivu. Macho yakipofuka kwa ugonjwa huu hayaponi tena. Presha hii siyo ile ya damu inayopimwa mkononi.

Ugonjwa huu upo kwetu Tanzania. Waganga waliwapima wanavijiji wa Kongwa, mkoa wa Dodoma, wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Mwaka 2000 walitangaza kwamba watu kama 4 katika kila 100 walikuwa nao. Kwa vijana ni nadra, lakini wapo wanaougua.

Mimba ikiingia, presha ya macho ya wanawake wengi hushuka kidogo. Lakini kwa baadhi ya wagonjwa haishuki, na wengine hupanda.

Hapa watu hufanya makosa mawili. Mmoja huogopa dawa itamdhuru mtoto, akaitupa chupa. Macho yake yanaharibika kimya kimya. Mwingine huendelea kutia bila kusema. Dawa hupitia puani, ikaingia katika damu. Dawa kama timololi yaweza kupunguza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni.

Basi, mama wa Kibondo na Kasulu, fanya hivi:

Usiache dawa wala usiiongeze kwa shauri lako. Nenda kliniki mapema, na chupa uichukue. Mganga ataweza kuibadili au kuipunguza, au kukuandikia barua uende kwa mganga wa macho.

Ukitia tone, fumba jicho. Bonyeza kwa kidole pembe ya jicho iliyo karibu na pua, kwa dakika 2. Hivyo dawa kidogo tu itaingia mwilini.

Usitie maji ya majani wala dawa ya jirani.

Ukiona ukungu au vimulimuli, na kichwa kinauma sana, huenda ni dalili ya kifafa cha mimba. Nenda zahanati siku hiyo hiyo.

Nasi wahudumu tuna kosa. Tunapima uzito, damu na tumbo, macho tunayasahau. Tuulize wazi, "Una matone ya macho nyumbani?" Swali hilo halina gharama.

Nawe baba, mkeo akiandikiwa barua, tafuta nauli. Kuuza debe la maharage ni afadhali kuliko kumshika mkono njiani maisha yake yote.