Jina la Andiko ni Ahadi

Hakuna mama anayemwagiza mtoto ungo akaridhika kuletewa kinu. Kila chombo kina jina lake na kazi yake. Lakini tukifika kwenye maandiko twayachanganya yote. Kila karatasi twaiita “habari,” basi. Leo twataka kuyapanga baadhi ya majina hayo, maana jina la andiko ni ahadi anayopewa msomaji.

Tuanze na insha, ambayo kila mwanafunzi anaijua. Neno hili limetoka katika Kiarabu, na huko lina maana ya kuanzisha na kutunga. Mwenye kuandika insha aahidi kwamba mawazo ni yake mwenyewe na kwamba ameyapanga yeye. Shaaban Robert wa Tanganyika alitoa kitabu kizima cha kazi hiyo, Kielezo cha Insha, mwaka 1954. Basi mtoto anayenakili daftari la mwenzake hakuandika insha, hata mwandiko wake ukiwa mzuri namna gani.

Makala ni maneno ya gazeti au jarida juu ya jambo moja, nayo yaahidi kulieleza waziwazi. Risala asili yake ni kutuma: ni maneno ya watu wengi, ambayo mmoja wao huyasoma mbele ya mgeni au mkubwa. Msomaji wa risala ni mjumbe tu. Asitie humo malalamiko yake ya pekee. Taarifa yaeleza lililotukia, lini, wapi, na mbele ya nani.

Wasifu ni maisha ya mtu yaliyoandikwa na mwingine. Tawasifu ni maisha ya mtu aliyoyaandika mwenyewe. Shaaban Robert ametuachia namna zote mbili: Wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja, na Maisha Yangu. Tofauti hiyo si ndogo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa aliyekuwa na nguvu nyingi Kasongo na Maniema, alisimulia maisha yake kwa Kiswahili, yakachapwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Kitabu hicho chatuonyesha mambo kwa macho yake. Hakikuahidi kutusikilizisha sauti za wale waliotekwa. Anayekisoma kana kwamba ni historia nzima ya Maniema amejidanganya mwenyewe.

Tasnifu ni andiko la chuo kikuu, na ahadi yake ni nzito. Mwandishi auliza swali, alitafutia jibu, aonyesha kila jambo amelipata wapi, na mara nyingi hulitetea mbele ya walimu wake. Akiandika “wazee walisema,” ataulizwa: Wazee gani? Wa kijiji gani? Walisema mwaka gani?

Hata hivyo, jina halitoshi kupima kazi. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa Kiswahili cha mji na kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, kijitabu kilichoitwa Vocabulaire de ville de Elisabethville. Mji huo ndio Lubumbashi ya leo. Neno hilo la kwanza la Kifaransa lina maana ya mkusanyo wa maneno. Lakini aliyekifungua kijitabu akitafuta maneno na maana zake alikuta jambo jingine: historia ya mji na ya utawala wa wakoloni, jinsi walivyoiona watu waliowatumikia nyumbani mwao. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian alikitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo marefu. Hivyo kazi ya watumishi hao yasomwa leo na wenye kuandika tasnifu.

Basi enyi vijana, mkiandika, tieni juu ya karatasi jina la kweli, kisha mtimize ahadi yake. Na mkisoma, ulizeni kwanza: Andiko hili ni la namna gani, na laniahidi nini? Nanyi wazazi mnaokumbuka jinsi kijiji au mtaa wenu ulivyoanza, msingoje kujua andiko lenu litaitwaje. Mpeni mtoto daftari na kalamu, mkamsimulie. Naye aandike chini jina la msimulizi, mahali na tarehe. Jina la andiko laweza kutafutwa baadaye.