Chaja bila waya ikikataa, usikimbilie kuizika

Kolwezi. Mwezi uliopita nilikaribia kutupa chaja isiyo na kosa lolote. Ninaandika ili mwingine asipoteze pesa yake hivyo hivyo.

Simu ndiyo kazi yangu. Ninarekodi nayo sauti za watu wa Manika na Dilala, na kuzituma redioni kabla ya habari za jioni. Vumbi linaloinuliwa na malori ya madini lilikuwa limeshaharibu tundu la chaji, ndiyo sababu nilinunua kile kisahani cha kuchaji bila waya kwa dola 15. Usiku mmoja moto ulikatika, ukarudi kwa nguvu, ukakatika tena. Asubuhi kisahani hakikuwasha hata taa yake ndogo.

Kijana fundi alikigeuza mara moja mkononi, akasema: "Yaya, hii imeshakufa. Nunua ingine." Hakupima kitu. Nyingine mpya alikuwa amezipanga palepale mezani.

Maoni yangu ni haya: fundi asiyepima ni muuzaji tu. Nasi wateja tunaolipa bila kuuliza ndio tunaomzoesha.

Kisahani hiki si uchawi. Ndani mna waya wa shaba uliozungushwa duara. Umeme ukipita humo unatoa nguvu ya sumaku inayobadilika haraka sana, na waya mwingine ulio mgongoni mwa simu unaipokea na kuigeuza kuwa umeme tena. Mwingereza Michael Faraday alionyesha jambo hilo mwaka 1831. Basi njia ya moto ina vituo vitano: prizi, kichwa cha chaja, kebo, kisahani na simu. Anza ukutani, usiruke kituo.

Prizi: chomeka taa au redio, uone kama inawaka. Kichwa cha chaja: hiki ndicho kinapokea pigo la kwanza moto ukirudi vibaya, kwa hiyo jaribu kingine. Kiwe na nguvu ya kutosha, maana kichwa cha wati 5 kinaweza kuwasha taa ya kisahani cha wati 15 lakini chaji isiende, au iende na kukatika. Kebo: badilisha. Nyingi hukatikia ndani, karibu na shingo, na kwa nje huoni kitu.

Kama taa inawaka lakini simu haipokei, toa kava. Kava nene, pete ya chuma ya kushikia simu, hata sarafu iliyosahaulika, vyote vinazuia. Chuma kikikaa katikati kinapata joto, na chaja nzuri hujizima yenyewe au hupepesa taa. Weka simu katikati hasa, kwani ikikaa pembeni kidogo tu, nyaya mbili hazikutani. Simu ikiwa na joto kali itakataa chaji, hivyo iondoe juani na uiache ipoe. Izime, uiwashe tena. Mwishoni weka juu ya kisahani simu nyingine ambayo una hakika inapokea chaji bila waya. Simu nyingi za bei ya chini hazina ule waya mgongoni. Ya mwenzako ikipokea, ugonjwa uko kwenye simu yako.

Ila ukisikia harufu ya kuungua, au ukiona kisahani kimepasuka ama simu imevimba, chomoa mara moja. Hapo usijaribu tena.

Mimi niliposimama kituo cha pili, nilipata jibu. Fundi wa pili, papa mmoja mzee, alichomeka kichwa kingine na taa ikawaka. Kichwa kipya kilinigharimu dola 4. Nilimlipa pia kwa kupima, na nilimlipa kwa furaha.

Wengine watasema dola 15 si kitu. Waende wakamwambie hivyo mama anayeuza mikate, au mchimbaji aliyerudi nyumbani na mfuko mtupu. Kwao hiyo ni pesa ya unga.

Jambo hili lingekuwa dogo mahali pengine. Hapa kwetu linauma. Mabwawa ya Nzilo na Nseke yako kwenye mto wetu Lualaba, na laini kubwa inayotoka Inga, karibu kilomita 1,700, inafikia hapa Kolwezi. Hata hivyo nyumba nyingi zinaishi na moto wa kukatika na kurudi. Shaba na kobalti zinaondoka kwa malori, kisha tunauziwa shaba iliyofungwa ndani ya plastiki, nasi tunaitupa kwenye takataka kwa sababu ya kichwa cha dola 4. Vijana wetu wanajua kuchimba shaba. Wafundishwe pia kuipima inapofanya kazi.

Kuanzia leo, moto ukikatika, chomoa chaja. Ukirudi, subiri dakika chache kabla ya kuchomeka. Na fundi akikuambia kitu kimekufa, muulize kwa heshima: "Fundi, umepima nini?" Akikosa jibu, chukua chaja yako, wende kwa mwingine.