Mtoto karithi jedwali, mlinzi kabaki kwa mama

Msimu wa projekti za mwaka wa mwisho ndio huu, na ukipita maabara kila kiti kina mtu anayejenga "mfumo wa usimamizi" wa kitu fulani. Wa zahanati, wa AMCOS ya pamba, wa shule ya msingi. Sisi tuliotoka Bariadi ndio usiseme, kila mmoja anataka kupeleka kitu nyumbani. Safi sana. Ila kuna jambo kwenye hizi ORM linanikera, na darasani linapitwa haraka haraka, kwa hiyo leo ngoja niliseme.

Kwa watu wa fani nyingine: ORM ni ile programu ya katikati. Wewe unaandika klasi zako kwa Java au Python, yenyewe inazigeuza kuwa majedwali na maswali ya SQL. Hibernate ni ya Java, Django inayo ya kwake. Sasa kwa kuwa klasi zinarithiana, majedwali nayo yanarithiana. Tunafundishwa namna tatu: ukoo mzima ndani ya jedwali moja, au mama na mtoto kila mmoja na jedwali lake yakiunganishwa kwa ufunguo, au kila klasi na jedwali lake kamili. Halafu mjadala wote unakuwa ipi ina kasi zaidi. Nani anaruhusiwa kusoma nini, kimya.

Chukua OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza 2004 na ambao Eldoret, Kenya, ni mojawapo ya sehemu za kwanza kuutumia. Ndani yake klasi ya Patient inarithi klasi ya Person, na namba ya mgonjwa ndiyo ile ile namba ya mtu. Ruhusa zinakaguliwa kwenye huduma: kutafuta wagonjwa kuna ruhusa yake, kutafuta watu kuna ruhusa nyingine. Inaonekana imekaa vizuri, sivyo? Lakini Hibernate ukiiuliza mama, inakuletea na watoto. Ukiomba Person, yule ambaye ni mgonjwa anaweza kurudi akiwa Patient kamili. Sisemi mfumo una shimo, jamaa wale wameufanyia kazi miaka mingi. Ninachosema ni kwamba nyumba ni moja, milango ni miwili, na kila mlango unahitaji mlinzi wake. Wao wanalijua hilo. Sisi tunaoiga mchoro wao usiku mmoja kabla ya kuwasilisha, je?

Na msiniambie hiyo ni nadharia. Bariadi ni mji ambao ukimtaja mtu jina la baba yake, muuza chai anakuelekeza hadi mlangoni. Tuseme umejenga mfumo wa zahanati, mtu wa mapokezi umempa ruhusa ya "watu" tu ili aandikishe majina. Anatafuta jirani yake, mfumo unamrudishia jirani pamoja na alama kwamba ana faili kliniki ya VVU. Hakuna aliyedukua kitu hapo. Ni urithi tu umefanya kazi kama ulivyoandikwa. Tangu 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayotumika, na taarifa za afya zimo kwenye kundi la taarifa nyeti. Lakini sheria haimrudishii mtu heshima yake sokoni.

Kinyume chake angalia DHIS2, ambayo Wizara ya Afya yetu inaitumia kwa takwimu za vituo. Nayo imejengwa juu ya Hibernate. Ila kwa vitu kama dashibodi na seti za data, habari ya nani anaona nini imewekwa kwenye klasi ya mama kabisa, na ukaguzi unaingizwa kwenye swali lenyewe linapokwenda kwenye hifadhidata. Klasi ya mtoto ikizaliwa inazaliwa na mlinzi. Huo ndio urithi ninaoutaka mimi.

(Japo nayo ina urithi wa aina nyingine, wa mti wa maeneo: aliyepewa mkoa anaona wilaya zote za chini yake. Fikiria mkoa wa Simiyu ulivyozaliwa 2012, Bariadi ikatoka Shinyanga na Busega ikatoka upande wa Mwanza. Kwenye mti wa namna hiyo ukihamisha tawi moja tu, orodha ya wanaoona data inabadilika bila mtu kugusa ruhusa yoyote.)

Haya, wa Django msicheke. Wengi wenu mnaandika Mwanafunzi anayerithi AbstractUser. Hapo umerithi jina la kuingilia na nywila, sawa, lakini umerithi pia is_staff na is_superuser. Tangu toleo la 1.8 la 2015 Django inakulazimisha utaje uga wa fomu yako mwenyewe, na nyie kwa uvivu mnaandika '__all__'. Kwenye ukurasa umeonyesha jina na simu tu, ila mtu akituma is_superuser pembeni, fomu inapokea na kuhifadhi. Mchezo wa jamii hiyo uliwakuta GitHub Machi 2012, wakitumia Rails. Kama wao walipigwa, AMCOS ya Itilima itapona vipi?

Msimamo wangu: kwenye mifumo yenye watu ndani yake, Mgonjwa asimrithi Mtu. Awe na jedwali lake linaloelekeza kwa Mtu, basi. Anayetafuta mtu apate mtu. Najua mtasema msimbo unaongezeka, ni kweli, labda mistari arobaini. Na kama lazima urithi, ukaguzi ukae kwa mama na mwanzo wake uwe kukataa.

Wanaowasilisha wiki ijayo, jaribuni hivi: ingia kwa akaunti ya mtu wa mapokezi, tafuta jina lolote kupitia klasi ya mama, uone kinachorudi. Mimi nitakuwepo kwenye viti vya nyuma na swali ninalo tayari. Nawasilisha.