Mimbari ya Vinywa Viwili

Anayehudhuria makongamano ya Injili ya mwambao na visiwani siku hizi hukutana na ada moja iliyokwisha zoeleka hata haiulizwi. Maturubai yamejaa watu, vipaza sauti vimewashwa, na mhubiri, mtu aliyezaliwa na kulelewa kwa Kiswahili, husimama akahubiri kwa Kiingereza. Ubavuni mwake yupo mkalimani, Mswahili mwenziwe, anayemfukuzia kipande baada ya kipande. Mbele yao wameketi wasikilizaji ambao lugha yao ni ile ile anayoikimbia.

Mgeni atokaye Korea au Nigeria hana lawama. Huyo hana budi kufasiriwa. Lawama ni ya mwenyeji anayejifanya mgeni kwao.

Mpenzi wa ushairi ataiona hasara hii upesi kuliko mwengine. Mahubiri, kama shairi, hukaa katika pumzi. Mtu na aghani mshororo wa mizani kumi na sita, na kila amalizapo ukwapi asimamishwe ili mwengine aseme yake, ndipo aruhusiwe utao. Kina kitasikika wapi? Ndivyo hoja za mimbari hii zinavyokatwa shingo kabla ya kufika. Kinachosalimika ni ukelele, kwani ukelele haudhuriki kwa kukatwakatwa.

Tena mkalimani, kwa haraka aliyonayo, hana wasaa wa kutafuta neno. Huambiwa kwamba Mungu “anaachilia” baraka, ilhali kwa sikio la Mswahili kuachilia ni kulegeza mkono ulioshika, kana kwamba baraka hizo zilikuwa zimekamatwa. Huambiwa “panda mbegu”, jambo ambalo kwa mkulima ni jembe na kungoja mvua, na kongamanoni ni kutoa noti. Hapa ndipo penye madhara hasa. Fasiri mbovu ni pazia jema la mafundisho mabovu: lau mhubiri angetamka wazi, kwa lugha ya barazani, kwamba watu wampe fedha ili Mungu awarejeshee maradufu, wengi wangetafuta viatu vyao.

Wala hapakuwa hivi tangu asili. Edward Steere, Mwingereza, aliwasili Unguja mwaka 1864. Hakutosheka na mkalimani. Alijifunza Kiswahili kwa wenyeji, akaandika hadithi kama walivyomsimulia, na mwaka 1870 akachapisha hadithi hizo pamoja na kitabu cha kufundishia lugha ya Unguja. Akafasiri Maandiko, akahubiri kwa Kiswahili katika mji ambao soko lake la watumwa, pale Mkunazini, lilikuwa limefungwa mwaka 1873 na kanisa kujengwa mahali pake. Alikufa mwaka 1882. Biblia nzima ya Kiswahili ikatoka mwaka 1891. Naye Mathias Mnyampala, Mgogo wa bara, ambaye Kiswahili hakikuwa lugha ya mamaye, aliitia Injili katika utenzi mwaka 1963 na Zaburi mwaka 1965. Mzungu na Mgogo waliona lugha hii yatosha kumbeba Mungu. Anayeiona haitoshi ni mwana wa nyumba!

Wapo watakaojibu kwamba makongamano huwa na wageni wasiojua Kiswahili. Basi na wafasiriwe wao, wakae upande mmoja na mkalimani wao anong'one. Ni desturi gani ya kuwakatizia mamia ili kuwaridhisha wanane? Jibu la kweli halisemwi: Kiingereza humvika mhubiri cheo, na mkalimani ubavuni ni kama mwavuli aliokuwa akishikiwa sultani.

Na ushahidi upo hapo hapo uwanjani. Ifikapo zamu ya sadaka, mkalimani huenda akaketi. Mhubiri hushika kipaza sauti peke yake na kuzungumza Kiswahili safi, chenye methali na mizaha, polepole, asiachwe nyuma hata ajuza wa safu ya mwisho.